Kolo kwa Vikundi vya Kanisa: Safari ya Siku Moja Kutoka Dodoma kwa Wenye Maswali Kuhusu Uumbaji na Mageuko

Kwa kikundi cha vijana wa kanisa kilichoko Dodoma, ni vigumu kupata mahali pa kuzungumzia umri wa binadamu panapozidi mapango ya michoro ya Kolo, wilayani Kondoa. Ni Urithi wa Dunia tangu 2006, lami inafika Kolo penyewe, na kikundi kinaweza kutoka alfajiri na kurudi usiku haujaingia sana. Tathmini hii inawalenga wachungaji, makatekista, walezi wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) na walimu wa Biolojia ambao wanafunzi wao wanasoma mageuko darasani Jumatano na kusikia Mwanzo sura ya kwanza Jumapili, bila mtu wa kuwasaidia kuyaweka mambo hayo mawili meza moja.

Jambo moja lieleweke kabla ya kuchangisha nauli. Kolo haioneshi mageuko. Waliochora kuta zile walikuwa watu kamili kama wewe na mimi: waliwinda, walicheza ngoma, walisuka nywele, waliona twiga wakambeba kichwani hadi mwambani. Anayepeleka vijana akitarajia kuwaonesha zamadamu atawarudisha wamechanganyikiwa. Kinachopatikana Kolo ni vitu viwili: muda mrefu, na utu wa mtu ndani ya muda huo mrefu. Kwa Mkristo anayehangaika na sayansi, hivyo viwili ndivyo vya kuanzia. Mengine yote, yaani jeni, visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) na Maandiko, kiongozi wa kikundi lazima ayabebe mwenyewe kutoka Dodoma.

Safari ni kama kilomita 180. Kondoa mjini iko kilomita 160 hivi kwa barabara ya Babati, na Kolo iko mbele yake kidogo, kando ya barabara hiyohiyo. Mkiondoka saa 12 asubuhi, mnafika kabla ya saa 4. Pitieni kwanza ofisi ya kituo pale Kolo kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Bila mwongozaji hampandi. Viwango vya Mtanzania, mwanafunzi na mgeni ni tofauti, kwa hiyo kila kijana aje na kitambulisho cha shule au cha taifa, na orodha ya majina iandaliwe ikiwa imechapwa. Kikundi cha watu 30 kinachoanza kuandika majina kaunta kinapoteza saa nzima ya mwanga mzuri wa asubuhi.

Kutoka Kolo hadi chini ya kilima chenye mapango yanayotembelewa zaidi ni takribani kilomita tisa za njia mbovu. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Coaster iliyojaa, tumbo lake likiwa karibu na ardhi, inaweza kugonga mawe kiangazi na kunasa masika. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Panga safari kati ya Juni na Oktoba, na mkubaliane na dereva mapema kama ataingia njia ile au ataishia lamini. Akikataa, tafuteni usafiri wa pale Kolo wenyewe, mwende kwa awamu. Baada ya gari kuna kupanda kwa miguu, na sehemu ya mwisho ni kali. Wazee na wenye matatizo ya magoti wapewe fimbo na muda wao. Viatu viwe vya kufunga. Sandali za kanisani zinateleza. Maji lita mbili kwa kila mtu, na kofia, maana jua la Irangi, nchi hii ya Warangi, halina huruma.

Makorongo mtakayoyaona njiani ni somo la bure, na wengi huyapita wakichati. Eneo hili liliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoathirika. Simamisheni gari dakika kumi mahali penye korongo lenye ukuta wima. Udongo umekaa kwa matabaka, la chini likiwa limetangulia na la juu limefuata. Kijana akiona kwa macho yake kwamba tabaka la chini lazima liwe la zamani zaidi, ameshika kanuni ambayo jiolojia na akiolojia zote zimejengwa juu yake. Hakuna haja ya kumtajia jina la mtu yeyote wa Ulaya.

Michoro yenyewe inastahili sifa zote. Mipya kwa kulinganisha ni ya rangi nyeupe, minene, iliyopakwa kwa kidole; huhusishwa na wakulima waliozungumza lugha za Kibantu. Ya zamani ni myekundu na myembamba, mistari yake ni ya mkono uliotulia. Watu wamechorwa warefu na wembamba kupita kawaida, wengine na vichwa vilivyojaa mistari kama nywele zilizosukwa au kilemba. Kuna pofu, tembo, twiga. Mchoro mmoja mashuhuri unaonesha mtu wa katikati akiwa ameshikwa mikono na watu wa pande zote mbili. Wapo wanaosema ni binti anayetekwa, wapo wanaosema ni mtu aliyezama kwenye maono wakati wa ngoma ya kuponya, na wenzake wanamshikilia asianguke. Waachieni vijana wausome wenyewe kabla mwongozaji hajasema neno. Mahali ambapo nyeupe imepita juu ya nyekundu, waulizeni ipi ilitangulia. Ni somo lilelile la korongo, safari hii kwa rangi.

Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, miaka minane kabla hajaokota fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus kule Olduvai. Mumewe Louis alizaliwa Kabete, Kenya, kwa wazazi wamisionari wa Kianglikana. Mwongozaji akiwataja, kiongozi wa kikundi ana nafasi nzuri ya kuongeza hilo.

Sasa swali ambalo kila kikundi huuliza: michoro hii ina miaka mingapi? Hapa uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Rangi nyekundu ni ngeu, yaani madini ya chuma, na chuma hakina kaboni. Kipimo cha kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole kiumbe kikishakufa, hufanya kazi kwenye kitu kilichowahi kuwa hai: mkaa, mfupa, ganda. Kwa hiyo rangi yenyewe haipimiki kwa njia hiyo, na mtu anayekutajia mwaka kamili wa mchoro fulani anakisia. Kinachopimika ni kilichozikwa sakafuni mwa mapango. Katika pango la Kisese II, kwenye milima hiihii ya Kondoa, zilifukuliwa shanga zilizotobolewa kutoka ganda la yai la mbuni, na za zamani zaidi zina zaidi ya miaka 40,000. Ganda la yai lina kaboni, kwa hiyo linapimika. Mtu alikaa pale, akavunja ganda, akatoboa tundu, akasugua ukingo hadi ukawa duara, ili yeye au mwenzake apendeze. Shanga hiyo moja ina uzito kuliko hotuba nzima kuhusu utu wa mtu wa kale.

Kijana mwerevu atauliza: mnajuaje? Msimjibu "wataalamu wamesema". Fanyeni zoezi hili siku moja kabla, kanisani. Chukueni sarafu 128 na ndoo. Zitikiseni, zimwageni sakafuni, ondoeni zote zilizoangukia upande wa mnyama, hesabuni zilizobaki, rudieni. Kila raundi ni miaka 5,730, kwa sababu huo ndio muda ambao nusu ya kaboni-14 huwa imekwisha. Raundi ya kwanza hubaki kama 64, ya pili kama 32, na baada ya raundi saba hubaki moja hivi. Saba mara 5,730 ni miaka 40,110. Hapo wataelewa mambo mawili kwa pamoja: jinsi shanga ya Kisese inavyopewa umri, na kwa nini kipimo hiki huishiwa nguvu karibu na miaka 50,000. Msitumie vizibo vya soda badala ya sarafu. Kizibo hakina pande mbili zinazolingana, hesabu itawatoka. Wala msitumie sarafu 20 kwa kuona uvivu, maana kwa idadi ndogo bahati hutawala na somo linaharibika. Kwa miaka ya mamilioni kipimo ni kingine, cha potasiamu na agoni kwenye majivu ya volkano, na ndicho kilichotumika Olduvai kulipatia tabaka la Zinjanthropus umri wa karibu miaka milioni 1.8.

Zoezi la pili ni la kamba, na kwa maoni yetu ndilo bora kuliko yote. Kata kamba ya mita 45.4, kila sentimita moja iwe miaka milioni moja. Huo ni umri wa dunia. Ivuteni ikakamae kwenye uwanja wa kanisa, ikilegea vipimo vinapotea. Mita 25 kutoka mwisho wa leo, fungeni kitambaa: miamba ya granite inayouzunguka mji wa Dodoma, Mlima Simba ukiwemo, ni ya nyuma ya hapo, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Nyayo za zamadamu za Laetoli, zilizogunduliwa 1978, zinakaa sentimita 3.7 kutoka mwisho. Zinjanthropus haifiki sentimita mbili. Binadamu wa aina yetu, kwa visukuku vya zamani zaidi vinavyojulikana, yuko milimita tatu. Shanga za Kisese ni sehemu ya nusu ya mwisho ya milimita. Miaka 6,000 ambayo baadhi yetu tulifundishwa kuwa ndiyo umri wa dunia haionekani kwa macho kwenye kamba hiyo. Kosa la kawaida ni kuanza kupima kutoka mwisho usiohusika. Andika "LEO" kwa herufi kubwa kwenye ncha moja kabla ya kitu kingine chochote.

Turudi kilimani. Pango linaloitwa Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko kwa baadhi ya Warangi, kwa ajili ya mvua na uponyaji. Vikundi vya makanisa hukosea hapa kwa njia mbili. Wengine huanza kukemea mapepo kwa sauti ya juu, wengine huona aibu na kujifanya hawajaona. Njia njema ni kunyamaza, kumsikiliza mwongozaji, na kuzungumza baadaye mkiwa chini. Kumbukeni pia kwamba Kondoa ni eneo lenye Waislamu wengi. Mavazi yawe ya staha, spika ya kwaya ibaki Dodoma, na mwezi wa Ramadhani msile barabarani mchana.

Msiguse mwamba. Msimwagie mchoro maji ili uonekane vizuri kwenye picha. Desturi hiyo imeharibu michoro mingi ya namna hii. Zima flashi. Ingieni watu kumi kwa zamu, wengine wasubiri kivulini. Kipande cha jiwe kilichochongwa mkikiona chini, kiacheni palepale. Kukichukua ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kikishatoka kwenye tabaka lake hakiwezi kumwambia mtafiti kitu. Hekaya ya mali ya Mjerumani iliyofichwa huku tangu vita vya 1916 imewafanya watu wachimbe mahali pasipochimbwa. Msiiongezee chumvi mbele ya vijana.

Sehemu ya mageuko yenyewe ifanyike wakati wa chakula cha mchana, Kondoa mjini. Mama lishe wapo wa kutosha, ila kwa watu zaidi ya 15 pigeni simu mapema, la sivyo mtangoja ugali hadi saa 10. Mifano miwili inatosha, yote ya kwetu.

Wa kwanza ni maziwa. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa kuwa kimeng'enya chake hupungua mtoto akikua. Utafiti uliochapishwa 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, uligundua badiliko dogo la jeni linalowezesha uwezo huo kudumu ukubwani, lililoenea kati ya wafugaji wa Tanzania na Kenya. Si lile la Ulaya. Limetokea huku peke yake, ndani ya takribani miaka 3,000 hadi 7,000 iliyopita, wakati ng'ombe walipokuwa wakiingia na kuenea. Kwenye mkoa wa Wagogo na ng'ombe wao, mfano huu hauhitaji picha.

Wa pili ni sikoseli. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mwenye jeni moja ya sikoseli ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo haikutoweka kwenye maeneo ya malaria, ingawa wazazi wawili wenye nayo wana uwezekano wa robo katika kila mimba kupata mtoto mgonjwa. Mchungaji anayewashauri wachumba wapime sikoseli kabla ya ndoa tayari anafanya kazi na uteuzi asilia, yaani asili kubakiza sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa, hata kama hajawahi kuutaja mimbarini. Lakini mfano huu una makali yake: kinga ya wengi imelipiwa kwa mateso ya watoto wachache. Msiliruke swali hilo. Katika kundi la vijana thelathini huenda yupo mwenye ndugu mgonjwa.

Kwa wa kidato cha sita ongezeni kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni. Sokwe ana jozi 24, sisi tuna 23, na kromosomu yetu ya pili ina alama za kuungana kwa mbili zinazolingana na za sokwe. Ni hoja inayokaguliwa kwa hadubini na kompyuta, wala haitegemei fuvu lililovunjika.

Maandiko nayo yapewe saa nzima, si dakika tano za kufunga. Anzeni na Mwanzo 1:24, "Nchi na izae kiumbe hai kwa jinsi zake." Mungu anaiamuru nchi, na nchi inazaa. Kisha 2:7, mtu kutoka mavumbi ya ardhi. Waulizeni vijana jua liliumbwa siku ya ngapi, na nuru siku ya ngapi. Wataona wenyewe kwamba mpangilio wa siku una kazi nyingine zaidi ya kuhesabu saa. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, alikwisha kuonya kwamba Mkristo akiongea mambo yasiyo na msingi kuhusu dunia na nyota mbele ya wasioamini, watu hao watakataa pia neno lake kuhusu ufufuo. Alisema hayo zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin kuchapisha nadharia yake.

Wakatoliki wana msaada wa ziada: Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu kutoka viumbe vilivyotangulia, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akakiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Waanglikana na Walutheri wanatofautiana wao kwa wao. Waadventista, na Wapentekoste wengi, hushikilia siku sita halisi. Kikundi cha madhehebu mchanganyiko kitendewe haki, kila upande useme bila kuchekwa.

Swali la Adamu ndilo litakalowachukua muda mrefu zaidi. Vinasaba vya watu wa leo vinaelekeza kwenye mababu kwa maelfu, si wawili tu, na Warumi 5 inamsimamisha Adamu mmoja mbele ya Kristo mmoja. Wapo Wakristo wanaomwona Adamu kama kiongozi wa jamii aliyeitwa na Mungu kutoka kati ya wengi; wapo wanaomsoma kama sisi sote. Kila jibu lina gharama yake, na kiongozi anayedai limekwisha atapoteza heshima kwa vijana wanaosoma. Waelezeni habari za Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu uliokamilika 2003 akiwa Mkristo anayekiri imani yake hadharani. Na Gregor Mendel, mtawa aliyechapisha kanuni za urithi mwaka 1866 kutokana na njegere za bustani ya monasteri. Mifano hiyo haithibitishi kitu kuhusu Mungu. Inamwondolea kijana hofu kwamba lazima achague mlango mmoja.

Kwa michoro, Kolo inapata nyota tano. Kwa urahisi wa kufika, nne hadi Kolo na mbili baada ya hapo. Kwa maswali ya imani, mwongozaji asihukumiwe: yeye ni mtu wa mambo ya kale, hajaajiriwa kufundisha katekisimu wala jenetiki. Kikundi kisichojiandaa kitapata matembezi mazuri na picha.

Wanaotaka visukuku vyenyewe waende makumbusho ya Olduvai, lakini hiyo si safari ya siku moja kutoka Dodoma: kuna kulala Karatu na ada za hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo bajeti ni mara kadhaa. Wa upande wa kusini wana Isimila, karibu na Iringa mjini, penye mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu waliotangulia aina yetu au walioishi mwanzoni mwake, na kutembea ni tambarare zaidi. Kolo ichukueni kwanza, kwa vijana wa kidato cha tatu kwenda juu. Wa chini ya hapo watafurahia twiga wa ukutani, ila kamba na sarafu zitawachosha. Gari liondoke Kondoa kabla ya saa 11 jioni, kwa sababu ng'ombe wanaorudi zizini hutumia barabara ileile.